Tusiyape Maradhi Jina Lisilo Lake

 

Katika maswali yanayotufikia juma hata juma, kuna moja ambalo huja kwa sura nyingi. Mara hutoka kwa mume anayeuliza kama yajuzu kumrejesha mke kwao kwa kuwa vitanga vyake vya mikono vinabanduka ngozi. Mara hutoka kwa mama mzazi ambaye posa ya bintiye imerudishwa. Mara ni kijana aliyeacha kuhudhuria swala ya jamaa, kwa sababu kila imamu anapotoa salamu na watu kugeukiana kupeana mikono, aliye kuliani kwake huutia mkono wake mfukoni mwa kanzu. Wengine huuliza kama udhu wa mtu wa namna hiyo huswihi, na wengine kama anaweza kuswalisha. Maswali ni mbalimbali lakini mzizi wake ni mmoja: watu wameona maradhi wasiyoyajua, wakayapa jina wanalolijua.

Jina hilo aghalabu huwa ni ukoma. Pengine huitwa barasi, pengine choa, na pengine husemwa kwa sauti ya chini kuwa ni kazi ya hasidi. Katika makala haya tumekusudia kuyaeleza maradhi yaitwayo soriasisi, hasa yale yanayoshika vitanga vya mikono na nyayo za miguu, kisha yakaingia katika viungo. Tumeona yafaa kuyaeleza kwa sababu jina likikosewa hufuata madhara mawili. La kwanza, mgonjwa hutengwa pasi na haki. La pili, tiba hucheleweshwa hata vidole vikapinda. La kwanza ni dhulma inayoweza kuombewa msamaha; la pili ni hasara isiyorudishika.

Maradhi haya ni yapi?

Ngozi ya mwanadamu haikai kama ilivyo. Kila siku hujivua na kujivika. Chembe changa huzaliwa chini, hupanda polepole, na baada ya kiasi cha mwezi mmoja hufika juu na kupukutika bila mwenyewe kutambua. Kwa mwenye soriasisi, safari hiyo ya mwezi humalizika kwa siku chache tu. Chembe hufika juu kabla hazijapevuka, hurundikana, na kufanya tabaka nene lenye magamba. Anayeamrisha haraka hiyo si mdudu wala kiini kilichotoka nje. Ni kinga ya mwili yenyewe, ambayo kazi yake ni kupigana na maadui, lakini hapa imegeuka ikaishambulia ngozi ya mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna cha kuambukiza. Mtu haipati soriasisi kwa kupeana mkono na mgonjwa, wala kwa kula naye sinia moja, wala kwa kulala naye kitanda kimoja, wala kwa kuvaa kandambili zake. Mwelekeo wa maradhi haya hurithiwa katika baadhi ya koo, lakini kurithi mwelekeo si kurithi ugonjwa: watoto wengi wa mzazi mmoja mgonjwa huishi bila kuupata. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa wagonjwa wa soriasisi duniani si chini ya milioni 100. Si maradhi ya ukoo mmoja, wala ya mtaa mmoja, wala ya watu wenye dhambi fulani.

Katika vitanga na nyayo, maradhi haya huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ngozi kuwa nene, kavu na yenye magamba, kisha ikapasuka. Mipasuko hiyo huingia ndani hata ikatoa damu, na mtu huona tabu kukuna nazi, kushika sindano ya kudarizi kofia, au kukanyaga sakafu. Wengi hudhani ni magaga ya kawaida, lakini magaga hukaa kisiginoni, ilhali haya hupanda hata kwenye uvungu wa unyayo na katikati ya kitanga.

Sura ya pili ni vipele vidogo vidogo vyenye usaha, ambavyo huja kwa mafungu, hukauka vikawa madoa ya kahawia, vikabanduka, na vingine vikatokea. Hii baadhi ya madaktari huihesabu kuwa maradhi yenye kujitegemea, ndugu wa soriasisi. Huwapata zaidi wanawake, na aghalabu huandamana na uvutaji wa sigara. Sura hii ndiyo inayowatisha watu zaidi, maana mwenye kuona usaha hudhani pana uambukizo. Lakini usaha huu ukipelekwa maabara na kupandwa, hakioti kitu. Hauna kiini cha maradhi. Ni mabaki ya vita ambavyo mwili umepigana na nafsi yake.

Liko jambo jingine la kuzingatia. Vitabu vingi vya udaktari viliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe, wakasema kuwa alama ya soriasisi ni wekundu. Katika ngozi zetu, mabaka yake huonekana ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokoza. Mgonjwa anayesubiri kuona wekundu, na mhudumu wa afya anayeutafuta, wote wawili wanaweza kupitwa na maradhi hali yako mbele ya macho yao.

Hatusemi kuwa kila kitanga kinachobanduka ni soriasisi. Kuna fangasi wa miguu, ambao dawa yao ni nyingine kabisa na hutambulikana kwa kukwangua ngozi na kuitazama kwa darubini. Kuna ukurutu unaowapata mafundi waashi kwa saruji, na kina mama kwa sabuni kali. Kuna upele wa kuwasha usiku, ambao huambukiza nyumba nzima na hutaka wote watibiwe kwa pamoja. Kuna hata kaswende, ambayo huweza kutoa madoa vitangani na nyayoni. Ndiyo maana tunasema: asiye tabibu asitoe jina. Wala asiyekuwa tabibu asiuze dawa.

Kosa la zamani

Kulichanganya jina la maradhi haya na ukoma si kosa la watu wa Pwani peke yao. Wazungu walilifanya kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari wa Uingereza aitwaye Robert Willan aliyaeleza maradhi haya kwa uwazi kuliko waliomtangulia, lakini hata yeye sura mojawapo aliiita kwa jina la lepra, ambalo ndilo waliloitia ukoma. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1841, ambapo Ferdinand von Hebra wa Vienna alilitoa jina hilo na kuyatenga maradhi haya mawili. Ni watu wangapi waliotengwa na jamaa zao kabla ya hapo kwa jina lisilo lao, Mola ndiye ajuaye.

Tofauti yake inaeleweka hata na mtu wa kawaida. Ukoma huletwa na bakteria, nao huua hisia: mgonjwa huguswa penye baka asihisi. Soriasisi haiui hisia. Mgonjwa wake huhisi sana, huwashwa, huungua na kuumwa. Na tuongeze jambo la haki kwa wenye ukoma pia. Ukoma hausambai kwa kupeana mkono mara moja. Hutaka kuishi pamoja kwa karibu na kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Tena una dawa inayouponya, ambayo tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani huitoa bila malipo. Kwa hivyo hata huyo mwenye ukoma wa kweli hastahili kufukuzwa, seuze asiyekuwa nao.

Kosa hili la jina lina uzito wa pekee katika nyumba zetu. Fiqhi ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wetu hapa Pwani, imetaja aibu maalumu zinazompa mume au mke hiari ya kutaka ndoa ivunjwe. Miongoni mwa hizo ni judhamu, yaani ukoma, na barasi, yaani ngozi kupoteza rangi yake. Mtu akisikia hayo nusu nusu, akaiona mikono ya mkewe, akasema "hii ndiyo barasi", hudhani sharia imemfungulia mlango. La, haikumfungulia. Soriasisi si judhamu wala si barasi, na haikutajwa miongoni mwa aibu hizo. Mke aliyeolewa akiwa mzima, akaugua akiwa mikononi mwa mumewe, ana haki ya kutazamwa na kutibiwa. Na mume aliyeugua ana haki hiyo hiyo kwa mkewe.

Yanapoingia viungoni

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo yenye hatari kubwa. Katika kila wagonjwa 100 wa soriasisi, hadi 30 huja kupatwa na uvimbe wa viungo. Aghalabu ngozi hutangulia kwa miaka, kisha viungo vikafuata. Lakini wako ambao viungo huanza na ngozi ikaja baadaye. Mgonjwa huenda kwa mmoja kwa ajili ya ngozi, na kwa mwingine kwa ajili ya magoti, wala hamwambii huyu habari za yule. Hivyo maradhi mamoja huhesabiwa mawili, na hakuna anayeyaona yote.

Dalili zake twaweza kuzitambua katika ibada zetu za kila siku. Mtu huamka alfajiri akakuta vidole havifungi kwenye mkono wa birika. Huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kulegea, na kadiri anavyotembea ndivyo anavyopata nafuu. Maumivu ya kazi huzidi kwa kazi na hupungua kwa mapumziko. Haya huzidi kwa mapumziko na hupungua kwa mwendo. Hiyo ni alama kubwa. Akikanyaga sakafu kwenda kutawadha, kisigino humchoma kwa nyuma au kwa chini, mahali kano inaposhika mfupa. Akikaa tahiyatu, kifundo cha mguu hukataa. Pengine kidole kimoja cha mguu au cha mkono huvimba chote, kuanzia shina hadi ncha, wala si fundo lake peke yake. Wengine huumwa na nyonga na mgongo wa chini. Wenye vipele vya usaha, baadhi yao huvimba na kuumwa mbele ya kifua, pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kidari, wakadhani ni moyo.

Tazameni kucha pia. Kucha za mgonjwa huwa na vishimo vidogo vidogo, mfano wa kastabini ya mshonaji, au huinuka kutoka kwenye nyama na kugeuka rangi ya manjano. Kucha za namna hiyo ni onyo kwamba viungo vinaweza kufuata. Na jicho likiwa jekundu, likauma na kuogopa mwanga, mtu asilale nalo nyumbani. Uvimbe wa ndani ya jicho huweza kuandamana na maradhi haya, na ukipuuzwa hupunguza nuru.

Watu wetu wakiona hayo husema ni baridi yabisi, au jongo, au uzee. Mgonjwa hupimwa damu, akaambiwa kipimo cha baridi yabisi hakikuonyesha kitu, akarudi nyumbani akiwa ameridhika. Lakini kipimo hicho, kwa wagonjwa wengi wa viungo vya soriasisi, hakionyeshi kitu. Damu kutokuonyesha kitu si ushahidi kuwa viungo vi salama. Ushahidi uko katika ngozi, katika kucha, katika kisigino, na katika habari ya mgonjwa mwenyewe iwapo ataulizwa na kusikizwa.

Mwaka 2015 madaktari wa Ireland walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa wagonjwa waliochelewa zaidi ya miezi 6 kumfikia daktari wa viungo walikuwa na uharibifu mkubwa zaidi wa viungo na udhaifu zaidi wa kutenda kazi. Miezi 6 si kitu katika mazoea yetu. Miezi 6 huisha katika kujaribu mafuta ya habasoda, kisha mwarobaini, kisha kwa mganga wa kwanza, kisha wa pili. Nasi hatuyadharau mafuta ya habasoda wala dua; dua ni silaha ya Muislamu. Lakini kuisoma dua na kuukataa mlango wa hospitali si kutawakali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kiungo kilicholiwa hakina ukuta wa kujengwa.

Tiba na hadhari zake

Mwezi wa Mei mwaka 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa maradhi ya kudumu, yasiyoambukiza, yenye maumivu na yenye kulemaza. Kuyaita ya kudumu ni kukiri kuwa hakuna dawa ya kuyang'oa moja kwa moja. Basi anayemwambia mgonjwa "nitakumaliza maradhi yako kwa siku saba" anauza asichokuwa nacho. Hata hivyo maradhi yanaweza kutulizwa, ngozi ikasafika kwa muda mrefu, na viungo vikahifadhika.

Msingi wa kwanza ni mafuta mazito ya kupaka, mara kwa mara, hasa baada ya maji. Kisha daktari hutoa dawa za kupaka: zenye kulainisha magamba, zenye steroidi, au zenye vitamini D. Penye mashine, mwanga maalumu hutumika. Maradhi yakiwa makali, au viungo vikiingia, hutolewa dawa za kumeza au za sindano za kutuliza kinga ya mwili, na dawa ya zamani inayotumika zaidi ni methotrekseti. Ziko pia dawa mpya za sindano, kama adalimumabu, zenye nguvu kubwa lakini ghali, nazo hazipewi mtu kabla ya kupimwa kifua kikuu.

Kuna hadhari tatu tunazomtaka kila msomaji aziweke moyoni.

Ya kwanza ni ya methotrekseti. Kwa maradhi haya dawa hii humezwa mara moja kwa juma, si kila siku. Wako watu duniani waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa kukosea kusoma. Siku yake ichaguliwe moja, iandikwe kwenye pakiti, na mwenye nyumba mwingine aijue. Anayeitumia hupimwa damu na ini mara kwa mara. Wala haifai kabisa kwa mja mzito. Mke anayetumaini kushika mimba, na mume anayetumia dawa hii, wazungumze na daktari kabla.

Ya pili ni ya steroidi. Vidonge au sindano za steroidi zinazotolewa haraka haraka dukani humpa mgonjwa nafuu ya kupendeza kwa siku chache. Zikikatwa ghafla, maradhi hurudi kwa kishindo, pengine kwa vipele vya usaha vilivyoenea mwili mzima, na hiyo ni hali ya kulazwa. Krimu zenye steroidi kali nazo, zikiwamo zile ambazo baadhi ya dada zetu hujichubulia uso, hukondesha ngozi zikipakwa pasi na kipimo.

Ya tatu ni kuijeruhi ngozi. Soriasisi hupenda kuota palipojeruhiwa. Anayebandua magamba kwa wembe au kusugua nyayo kwa jiwe mpaka zikatoka damu huyapandia maradhi shamba jipya. Kadhalika piko isipakwe mikono iliyopasuka. Ndani yake mna kemikali ya kutilia nywele rangi ambayo huweza kuiunguza hata ngozi nzima. Na mwenye kuvuta sigara aache. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu pia huweza kuyachochea maradhi haya. Anayezitumia amweleze daktari, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Madaktari wa ngozi kwetu ni wachache, na wa viungo ni wachache zaidi. Lakini mlango upo. Mtu aanze zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti, na akifika aseme mambo mawili kwa pamoja: ngozi yangu inabanduka, na viungo vyangu vinaniuma asubuhi. Maneno hayo mawili yakisemwa pamoja, humfupishia tabibu njia. Tangu mwaka 1992 kuna chuo cha kanda huko Moshi, Tanzania, kinachofundisha waganga wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Elimu ya maradhi haya haiko mbali nasi kama tunavyodhani.

Udhu, swala na saumu

Tuje kwenye maswali ya ibada. Udhu wa mgonjwa wa soriasisi ni sahihi kama udhu wa mwingine. Maji ya kawaida hayamdhuru. Yanayomdhuru ni maji ya moto sana, sabuni kali na kusugua kwa nguvu. Na kusugua si faradhi katika madhehebu yetu. Faradhi ni maji yapite juu ya kiungo. Kuosha mara moja kunatosha, na mara tatu ni suna. Basi mikono ikiwa imepasuka, na atosheke na ile mara moja. Akimaliza, ajikaushe kwa kugusisha kitambaa, kisha ajipake mafuta yake.

Mafuta yaliyobakisha utelezi tu juu ya ngozi hayazuii udhu. Tabaka nene la dawa linalozuia maji lipanguswe kwanza, lipakwe tena baada ya udhu. Aliye na dawa nzito na aipange baada ya swala ya isha, ilale naye mpaka alfajiri. Na iwapo tabibu mwaminifu amesema maji yatamdhuru mahali fulani, basi aoshe palipo pazima na atayamamu kwa ajili ya pale pagonjwa. Na penye bendeji, apanguse juu yake pia. Dini haikuja kututesa.

Ngozi ikibanduka baada ya udhu, udhu haukutenguka. Damu ikitoka kwenye mpasuko, kwa madhehebu yetu haitengui udhu. Damu na usaha kidogo wa kipele cha mtu mwenyewe, ukigusa nguo, umesamehewa. Magamba yaliyopukutika kwenye mswala si najisi. Jirani yake asiuvute mswala wake kama aliyeona uchafu.

Asiyeweza kukunja goti na akae anavyoweza, hata kitini. Anayeweza kusimama asimame, akae kwa yale asiyoyaweza. Na kuswalisha? Aliyehifadhi na kuijua swala ndiye anayestahiki, ziwe vitanga vyake laini au vimepasuka.

Katika Ramadhani, dawa ya kupaka haifunguzi, na sindano ya dawa isiyokuwa chakula haifunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi. Dawa ya kumeza mara moja kwa juma na imezwe usiku. Mwenye dawa za mchana asizozikosa amuulize tabibu kwanza, kisha aje kwa wanazuoni na jibu la tabibu.

Wajibu wa nyumba na mtaa

Mzigo mkubwa wa maradhi haya si magamba. Ni mkono unaonyoshwa usipokewe. Mtu akirudishiwa mkono wake mara tatu, ya nne haunyoshi. Hukaa safu ya nyuma, kisha hukaa barazani, kisha hukaa nyumbani. Huzuni humwingia, na dhiki ya moyo nayo huyachochea maradhi, hata yakazidi. Hivyo sisi tunaomtenga hatumhuzunishi tu. Tunamwongezea ugonjwa wenyewe.

Basi kina mama, mkaribisheni mgonjwa kwenye sinia, msimpakulie pembeni kwa sahani ya peke yake isipokuwa ametaka mwenyewe. Mkamwana mwenye mikono iliyopasuka asionekane mvivu akiomba mwingine amfulie. Maji ya sabuni humchoma kweli. Wazazi wa mvulana wanaopeleleza posa, waulize maradhi ni yapi kabla ya kuuliza yanaonekanaje. Walimu wa madrasa, mtoto akiwa na magamba vitangani, asikalishwe pekee mwisho wa jamvi. Na wenzake waambiwe kwa maneno mepesi kwamba hayaambukizi. Maimamu wenzetu, sisi ndio wa kwanza kutazamwa. Imamu akigeuka baada ya swala, akaupokea mkono ule mbele ya watu na kuushika kama anavyoshika mingine, atakuwa ametoa hotuba ndefu kuliko ya Ijumaa.

Kwa upole, lakini. Vidole vyake huenda vinamuuma, na mkono mzito wa salamu unaweza kumuumiza. Upokeeni, msiubane.

Nawe mgonjwa unayesoma makala haya, usifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi yako hayana aibu ya kufichwa. Anza na kituo cha afya, ukayataje yale mambo mawili. Kisha rudi msikitini, ukae safu uliyokuwa ukikaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu, Mponyaji, awaponye wagonjwa wetu, awape subira na ujira, na azijaalie nyumba zetu kuwa makimbilio yao wala si mahali pa kukimbiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.